Kroshia kwa mama mwenye mtoto mchanga: jinsi ya kuanza, na jinsi ya kupata wenzako Nairobi

Wiki za kwanza nyumba hujaa. Watu wanakuja kuona mtoto, wamebeba unga, sukari, nepi na ushauri wa kila aina. Kisha wageni wanapungua. Mwenzio anarudi kazini, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili tu, na wewe na likizo yako ya miezi mitatu mnabaki ghorofa ya nne, ukisikia mlango wa jirani ukifunguliwa na kufungwa bila kujua ndani anaishi nani.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho. Unaanza na uzi, unaishia kwa watu, na mpangilio huo una sababu: kumgongea jirani mlango ukiwa na swali la uzi ni rahisi kuliko kumgongea ukiwa na upweke.

Kwa nini kroshia

Kwa sababu inakubali kukatizwa. Sweta ya kufuma kwa sindano mbili ina vitanzi vingi vinavyoning'inia kwa pamoja. Mtoto akilia ukaitupa vibaya, vinachomoka na jioni yote unaokota. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai. Unakivuta kiwe kirefu, au unakipitisha pini, unaenda kunyonyesha, na ukirudi baada ya dakika kumi au baada ya siku tatu kiko pale pale. Cherehani inataka meza, stima na utulivu, na kelele yake inamwamsha uliyehangaika saa nzima kumlaza. Kiondo ni kazi nzuri mno, lakini kamba ya mkonge inayosokotwa juu ya paja haiendani na paja lililo na mtoto.

Tena kroshia tayari iko kwenye damu ya nyumba zetu. Ukikulia Kenya, umewahi kukalia kochi lenye vitambaa vyeupe mgongoni na kwenye mikono yake, na umewahi kugombezwa kwa kuvivuruga. Mama zetu walivishona kanisani, kwenye mikutano, kwenye foleni. Tuliviona vya kizamani, tukavikunja na kuvificha tulipohamia nyumba zetu. Aliyevishona, hata hivyo, huenda bado yuko, na tutamhitaji huko mbele.

Hatua ya kwanza: pima kifundo cha mkono

Watu huruka hapa. Kumwinua mtoto mara nyingi kwa siku, vidole gumba vikiwa vimetanuka chini ya makwapa yake, huwaachia mama wengi uvimbe kwenye kano za upande wa kidole gumba. Madaktari wanauita ugonjwa wa De Quervain. Jaribu hivi: kunja kidole gumba ndani ya kiganja, funga ngumi juu yake, kisha pinda mkono polepole kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukihisi maumivu makali juu ya kifundo, usianze kroshia leo. Mwonyeshe daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa sasa mwinue mtoto kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo badala ya kumning'iniza kwa makwapa.

Kama mkono ni mzima, anza na dakika kumi au kumi na tano kwa mkao mmoja, si zaidi, na usibane sindano kama kalamu ya mtihani.

Hatua ya pili: nunua kidogo, au fumua

Unahitaji sindano moja ya kroshia ya milimita 4 au 5, uzi wa unene wa wastani (ule unaouzwa kama wa nyuzi nane), sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia mikia, na mkasi. Basi. Usinunue kifurushi cha sindano kumi na mbili za rangi za pipi. Tisa kati yake hutazigusa.

Chagua uzi laini, usio na manyoya, wa rangi ya kung'aa kidogo. Mweusi na wa bluu iliyokolea huficha vitanzi, na taa ya sebuleni saa tatu usiku haitakusaidia. Soma karatasi iliyozungushiwa uzi: inakuonyesha ukubwa wa sindano unaofaa na kama uzi ni wa akriliki, pamba au sufu. Akriliki ni nafuu na inafuliwa kwa urahisi, ila huyeyuka kwa joto, kwa hiyo weka mbali na pasi na jiko. Pamba haiwashi ngozi ya mtoto. Ukichukua uzi wa kazi moja, chukua wa kutosha wenye namba moja ya rangi, maana mzigo mpya wa rangi "ile ile" mara nyingi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana ukishamaliza.

Katikati ya mji, pa kuanzia ni Biashara Street. Ndiko wazazi wengi hununua vitu vya mtoto, na maduka ya nguo na vifaa vya kushona yamejazana. Uliza bei maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Kama safari ya mjini na mtoto mgongoni inakuchosha hata kuifikiria, mtume mtu na picha ya karatasi ya uzi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: sweta ya mitumba. Gikomba au soko lolote la mtumba lililo karibu nawe, sweta kubwa ya mtu mzima ina uzi mwingi, mara nyingine wa sufu au pamba ambao mpya ungekutoa jasho. Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Igeuze ndani nje. Ukiona vipande viwili vimeunganishwa kwa mshono kama mnyororo, na kingo zake ni nzima, nunua: itafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za overloki, kama fulana, iache. Kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi tu. Iache pia ile iliyofuliwa kwa maji ya moto ikaganda kama blanketi la farasi. Uliyoinunua ifue, ifumue kuanzia juu, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweshe, kisha uuning'inize na kitu kizito kidogo chini yake ili mikunjo inyooke. Kufumua huko ni kazi tosha ya jioni mbili, na hakuhitaji akili yoyote. Usiku wa wiki ya saba, hiyo ni sifa.

Hatua ya tatu: jifunze mraba mmoja

Si kofia, si soksi, si gauni uliloliona mtandaoni. Mraba. Unakwisha ndani ya usingizi mmoja wa mchana, na kitu kinachokwisha ndicho kinachokurudisha kesho.

Tengeneza kitanzi cha fundo kwenye sindano. Zungusha uzi, vuta upite ndani ya kitanzi: hiyo ni cheni moja. Shona cheni nne, kisha ingiza sindano kwenye ile ya kwanza, vuta uzi upite kote, na una pete ndogo.

Sasa mshono mrefu, ambao ndio kazi nzima. Zungusha uzi kwenye sindano, ingiza sindano ndani ya pete, vuta uzi: una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, vuta upite kwenye viwili. Zungusha tena, vuta upite kwenye viwili vilivyobaki. Umemaliza mmoja.

Duara la kwanza: cheni tatu (zinahesabiwa kama mshono mrefu mmoja), mishono mirefu miwili ndani ya pete, cheni mbili za kona. Kisha mara tatu zaidi: mishono mirefu mitatu, cheni mbili. Unganisha na mwanzo. Una vikundi vinne na kona nne. Kata uzi.

Duara la pili anza na rangi nyingine kwenye kona yoyote. Ndani ya kila kona weka mishono mirefu mitatu, cheni mbili, mitatu tena. Kati ya kona na kona weka cheni moja. Duara la tatu ni hivyo hivyo, ila sasa kuna nafasi katikati ya kila ubavu, na kila nafasi inapata mishono mirefu mitatu. Endelea hadi uchoke.

Ukifuata video, angalia mwalimu anatoka wapi. Mshono ambao Waingereza wanauita dabo, Wamarekani wanauita singo, na huo mrefu wetu ni trebo kwa Waingereza na dabo kwa Wamarekani. Vijitabu vya zamani vilivyo kabatini kwa mama yako vina uwezekano mkubwa wa kufuata Waingereza. Video nyingi ni za Wamarekani. Ukichanganya hizo mbili, mraba wako utatoka mfupi kama chapati iliyokosa mafuta na hutajua kwa nini.

Kuhusu rangi, nasema jambo moja. Miezi hii kila uamuzi wako una mtu mwingine ndani yake: ule nini ili maziwa yatoke, ulale lini, uvae nini kinachofunguka mbele. Zambarau kando ya rangi ya haradali haimhusu mtu. Chagua unavyotaka, hata kama hazipatani.

Hatua ya nne: mfuko mmoja, mahali pamoja

Weka kila kitu ndani ya mfuko mmoja wa nguo wenye kamba, uutundike juu ya msumari karibu na unapokaa kunyonyesha. Ukilazimika kutafuta sindano, mtoto ataamka kabla hujaiona. Mtoto anayeanza kutambaa anapenda mikasi na mikia ya uzi kuliko kitu chochote ulichomnunulia, kwa hiyo msumari uwe juu.

Usishone usiku anapoamka kunyonya. Kumbatia usingizi wako. Kroshia ni ya mchana, ukiwa umekula.

Hatua ya tano: tafuta watu

Anza na mkubwa. Katika karibu kila ploti ya Nairobi kuna mama wa makamo au shosho aliyewahi kushona vitambaa. Utamjua kwa kochi lake. Usimwombe urafiki, mwombe msaada wa kona.

"Shosho, habari ya leo. Hivi vitambaa ulishona mwenyewe?"

"Ni mimi. Kwani nani mwingine?"

"Kona yangu inajikunja. Naomba unionyeshe."

"Lete huo uzi. Na huyo mtoto lete, nimshike."

Hapo umepata mwalimu na mikono miwili ya ziada kwa ombi moja. Mpe heshima ya kumsikiliza hata anaposhika sindano tofauti na video.

Wa pili watafute kliniki. Hii ni hesabu ambayo mama wengi hawaipigi: chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo watoto waliozaliwa wiki moja na wako, na wanaopelekwa kituo kimoja, watarudi siku zinazokaribiana na zako. Yule mama mliyekaa naye benchi wiki ya 6 una nafasi nzuri ya kumkuta tena ya 10. Foleni ni ndefu. Toa mfuko wako, shona duara moja. Si lazima useme kitu, atauliza yeye. Ukifika wiki ya 14 bila kumwomba namba, chanjo inayofuata kwenye kitabu cha kliniki ni ya surua, mtoto akifikisha miezi tisa, na hapo wengi watakuwa wamerudi kazini. Muulize wiki ya 10.

Wa tatu ni wa kwenye paa la kuanikia nguo. Nepi za kitambaa na ovaroli ndogo kwenye kamba ni tangazo tosha kwamba nyumba fulani ina mtoto wa umri wa wako.

Mkijuana, ombaneni majina. Mtaani tunaishi kwa Mama Fulani na Mama Junior, na ni heshima, sikatai. Lakini kwenye kikundi cha uzi mwite kwa jina alilopewa na mamake. Mwanamke aliyeitwa Mama Baby tangu alfajiri ataitika jina lake tofauti kabisa.

Hatua ya sita: kikao cha kwanza

Watu watatu wanatosha. Sita ndio mwisho, kwa sababu sebule ya vyumba viwili ina mipaka yake na watoto sita wakilia pamoja mwenye ploti atasikia. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri: nguo zimeanikwa, chakula cha mchana bado, na watoto wengi hulala kidogo. Tandikeni leso sakafuni. Chai ya thermosi na kitu kimoja cha kutafuna, ndengu au njugu, si karamu. Mwenye nyumba akianza kupika pilau, wa pili atapika pilau na kuku, wa tatu atajifanya mgonjwa ili zamu yake ipite. Kubalianeni mapema: chai tu, na hakuna kudeki kwa ajili ya wageni.

Kanuni ya pili ni ile ile ya kroshia. Mtu anaruhusiwa kukatizwa. Akichelewa saa nzima kwa sababu mtoto alitapikia nguo ya pili, haulizwi. Akiondoka baada ya dakika ishirini, haagwi kwa lawama. Akikaa kimya wiki tatu bila kujibu ujumbe, anatumiwa picha ya mraba, si "umenyamaza sana siku hizi". Vikundi vingi vya wanawake hapa mjini hufa kwa faini za kuchelewa. Hiki kisiwe na faini.

Mazungumzo yatakuja yenyewe. Mikono ikiwa na kazi, macho yako chini, na mtu anaweza kusema kwamba kidonda cha upasuaji bado kinauma, au kwamba hampendi mama mkwe wake, bila kutazamwa usoni.

Na mengine ni mazito kuliko uzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Ukiona huzuni yako au ya mwenzako imepita wiki mbili, halali hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, weka sindano chini. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, mmoja wenu abaki na mtoto. Namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

Hatua ya saba: mzunguko wa miraba

Sote tunajua mzunguko wa pesa: kila mwezi kila mtu anatoa, mmoja anapokea. Fanyeni hivyo kwa miraba. Mkiwa sita, kila mmoja anashona miraba sita kwa mwezi kwa ajili ya mtoto wa anayepokea. Hiyo ni 36. Kila mraba ukiwa sentimita 12, mkiupanga sita kwa sita mnapata blanketi la sentimita 72 kila upande.

Mikono haifanani. Mmoja anakaza kama anafunga gunia, mwingine analegeza. Kateni boksi la karatasi ngumu sentimita 12 kwa 12, kila mtu abaki na kipande chake cha kupimia. Mraba ukitoka mdogo, mhusika apande sindano ya nusu milimita kubwa zaidi; ukitoka mkubwa, ashuke. Usimwambie abadilishe mkono wake, hatabadilisha. Anayepokea achague rangi moja ya duara la mwisho, wote waitumie. Rangi za ndani kila mtu na zake. Kuunganisha kufanyike siku ya kikao, miraba ikiwa sakafuni, wote wakibishana ipi ikae wapi.

Aliyeleta minne badala ya sita ameleta minne. Blanketi lina nafasi ya kuwa la tano kwa sita.

Mikia ya uzi ifichwe vizuri na ikatwe, isibaki nyuzi ndefu za kuzunguka kidole cha mtoto. Vifungo na vipira vya manyoya msiweke. Blanketi ni la mapajani na la kutandika sakafuni ukiwa unamtazama. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asilale nalo likiwa huru, hata Julai, Nairobi inapotukumbusha kwamba iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mvalishe nguo nzito kidogo, na kofia ya uzi mvue akishalala ndani.

Mwezi wa pili mtu atapita, ataona, atauliza: "Mnauza pesa ngapi?" Huu ni mji ambao hata kicheko kinatafutiwa soko. Mkitaka biashara, ifanyeni, lakini baada ya mzunguko mzima kuisha, na iwe kikao tofauti siku tofauti. Oda ina tarehe, mteja ana rangi zake, na ile kanuni ya kukatizwa haiwezi kumhusu mteja.

Hatua ya nane: likizo ikiisha

Miezi mitatu huisha vibaya, kwa watu tofauti wiki tofauti. Msingoje wa kwanza arudi kazini ndipo mfikirie. Mapema hamisheni kikao kimoja kwa mwezi kwenda Jumamosi alasiri, na vya asubuhi viendelee kwa waliobaki nyumbani. Aliyerudi kazini abaki kwenye mzunguko kwa miraba mitatu badala ya sita. Matatu ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni inatosha maduara mawili ukipata kiti. Uzi uwe ndani ya mfuko, mfuko mapajani, na simu chini ya uzi.